Kuacha unga, kuacha pombe: maswali tunayoulizwa na familia

Maswali haya yametoka kwenye benchi la nje ya kliniki, kwenye simu za saa nane usiku na kwenye meseji za ndugu waliochoka. Ninayejibu ni mshauri nasaha wa waraibu, Dar es Salaam zaidi na Unguja kidogo. Dozi nitazitaja ili uelewe unachoambiwa na daktari. Usizipime nyumbani.

Kituo gani ni kizuri kuliko vyote?

Hili ndilo swali la kwanza kila siku, na jibu langu huwaudhi watu: nani anaumwa, na anatumia nini?

Kijana aliyejidunga heroini (unga) miaka 12 na sasa anakohoa damu. Binti wa chuo aliyeanza na bangi, sasa anasikia sauti zikimsema vibaya. Baba mtu mzima asiyeweza kufunga vifungo vya shati mpaka azimue kwa gongo alfajiri. Mtaani wawili wa kwanza wataitwa mateja na wa tatu mlevi, na ndugu watataka wote wapelekwe “soba”, nyumba ya kuishi ya wanaoacha ulevi. Lakini wa kwanza anahitaji methadoni (dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini) na dawa za kifua kikuu, wa pili anahitaji daktari wa akili kabla ya jambo lolote, na wa tatu anahitaji kitanda cha hospitali kwa wiki moja, maana akiachishwa pombe ghafla nyumbani anaweza kufa. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Fundi hushika futi kwanza, mkasi baadaye.

Kwa hiyo kituo kizuri utakijua kwa maswali yake. Watamuuliza anatumia nini, kiasi gani, kwa njia gani (kuvuta, kunusa, kudunga), tangu lini, mara ya mwisho lini. Watapima VVU, homa ya ini na kifua kikuu. Watauliza usingizi, huzuni, kama amewahi kutaka kujiua. Kisha yatafuata yale ambayo ndugu huyaona ya kipuuzi: unalala wapi, unalala na nani, una kesi, una mtoto, ulikuwa fundi wa nini kabla ya haya. Hayo si umbea. Mtu anayelala maskani (kijiwe cha watumiaji) na mtu anayelala kwa mama yake hawawezi kupewa mpango mmoja, hata kama wanatumia kete (vipakiti vya unga) sawasawa.

Kituo kinachokutajia bei ya miezi sita kabla ya kuuliza mgonjwa anatumia nini, mshukuru mlinzi mwondoke.

Nitajuaje kama ni mnywaji tu au ameshakuwa mraibu?

Kwa pombe kuna dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT, maswali 10, alama 0 hadi 40. Kuanzia 8 unywaji umeshaanza kuwa wa hatari, na kuanzia 20 daktari atashuku uraibu na kutaka kumchunguza zaidi. Nyumbani angalia dalili tatu: anahitaji kiasi kikubwa kuliko zamani ili alewe, akikosa mwili unaumwa, na anaendelea ingawa anaona kinavyomharibia. Wingi wa chupa peke yake hauamui kitu. Nimeona watu wanaokunywa kidogo kuliko shemeji zao na ndio wenye hali mbaya.

Arosto ni nini hasa? Inaua?

Arosto ni mwili kudai heroini uliyoizoea. Huanza saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho. Kwanza miayo, miayo isiyo ya usingizi, machozi na makamasi kama mtu mwenye mafua. Halafu ngozi inasimama vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa, tumbo linakata, anaharisha, anatapika, mifupa inauma, miguu inapiga mateke kitandani yenyewe. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele. Baada ya wiki moja hivi mwili hutulia, lakini usingizi unaweza kukataa kwa wiki kadhaa, na hamu ikakaa miezi.

Kwa mtu mzima mwenye afya arosto ya heroini huwa haiui, ingawa atakuapia kwamba anakufa. Hatari yake ni kuishiwa maji kwa kuharisha na kutapika, kwa hiyo maji ya chumvi na sukari ya pakiti (ORS) yawe karibu. Kwa mgonjwa dhaifu au mjamzito hesabu ni nyingine, apelekwe hospitali.

Ya pombe ndiyo inayoua. Ya vidonge vya usingizi kama diazepamu pia. Watu wengi wanadhani ni kinyume chake.

Baba ameamua kuacha pombe leo. Tumfungie chumbani mpaka imtoke?

Hapana.

Nikuelezeni nilichokiona mtaani kwetu. Mzee mmoja, fundi seremala, aliapa mbele ya wanawe kwamba hanywi tena. Wakafurahi, wakamfungia kwa nje kwa ridhaa yake. Jioni ile mikono ilikuwa inatetemeka hadi kikombe kikigonga sahani: ti, ti, ti, unasikia ukiwa uani. Kesho yake alfajiri akapata degedege, akaanguka, akauma ulimi. Siku ya tatu alikuwa anaokota siafu kwenye shuka wakati hapakuwa na siafu, na anaongea na kaka yake aliyekwisha kufa. Shangazi mtu akasema ni mashetani, wakaenda kumtafuta mganga. Bahati yake mkwe wa nyumba ile alikuwa muuguzi.

Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla, mfumo wa fahamu unapandwa na wazimu. Mtetemeko huja ndani ya siku ya kwanza, degedege huweza kuja ndani ya siku mbili, na ule uchanganyikiwaji wa kuona wadudu na wafu huja kati ya siku ya pili na ya nne. Hospitalini hupewa diazepamu inayopunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na vitamini B1, kwa sindano kama hali ni mbaya, kwa sababu mlevi wa muda mrefu huwa hali chakula na ubongo wake umeishiwa vitamini hiyo. Vitamini hutangulia dripu ya sukari.

Baba yenu akiwa anatetemeka asubuhi mpaka azimue (Wakenya husema mpaka atoe loki), au aliwahi kupata degedege, au ini lina shida, au ni mtu wa makamo anayekunywa kila siku, asiache peke yake nyumbani. Mpelekeni kwanza. Usiku mkikosa usafiri, ni heri anywe kidogo cha kumtuliza mpaka asubuhi kuliko kupata degedege mlango ukiwa umefungwa. Najua sentensi hiyo inawakera walokole na masheikh. Nimeiandika makusudi.

Methadoni si kubadilisha unga kwa unga?

Swali halali, na wagonjwa wenyewe huliuliza.

Heroini hupanda haraka na kushuka haraka. Baada ya saa nne hadi sita mtu anaanza tena kuisaka, kwa hiyo siku nzima ni kutafuta pesa, kutafuta pusha, kutumia, kutafuta pesa. Methadoni hupanda polepole na hukaa mwilini zaidi ya saa 24. Ikifika kipimo chake mtu hapati stimu na hapati arosto. Anapata siku. Ndiyo maana nasema tofauti yake si ya kemia tu: yule mwenye siku anaweza kwenda gereji, kliniki ya watoto, msikitini, mahakamani.

Dawa yenyewe si ngeni duniani. Wajerumani waliitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1930, na New York wakaanza kutibia waraibu wa heroini kwa dozi ya kila siku katikati ya miaka ya 1960. Kwetu Muhimbili ilianza Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, halafu mikoani. Kenya ilianza hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014 na Malindi mwaka uliofuata. Unguja ni hospitali ya Kidongo Chekundu, 2015.

Asiyewahi kuona anadhani watu wanagawiwa vidonge mkononi. Dirisha la dawa kliniki ni dogo, lina nondo. Mgonjwa anataja namba yake, mfamasia anamtazama machoni: amelewa? anasinzia? Akionekana amelewa hapewi mpaka daktari amwone. Halafu dawa ya maji inapimwa kwenye kikombe cha plastiki, anakunywa hapo hapo, kikombe kinatiwa maji, anasuuza na kumeza. Kisha anaambiwa aongee. “Habari za nyumbani?” “Nzuri.” Neno hilo moja ni kipimo: mwenye dawa chini ya ulimi hawezi kulisema vizuri. Baadaye wengi wao huzoea, wanaanza kusimulia ya nyumbani kweli, na foleni inachelewa.

Ubaya wake upo. Mtu anafunga choo, anatokwa jasho, wanaume wengine hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa. Anafungwa na kliniki: kila siku, Jumapili na Idi na Krismasi, na nauli ni yake. Kwa mtu wa Mbagala anayekwenda mjini kila asubuhi nauli hiyo ndiyo inayomwangusha, na hakuna ushauri nasaha unaolipa daladala. Habari kwamba methadoni inaoza mifupa si kweli. Mara nyingi anayelalamika mifupa dozi yake ni ndogo.

Jirani anakunywa miligramu 60, wangu amepandishwa hadi 140. Wanamlewesha?

Hapana. Ini la kila mtu lina mwendo wake. Huanza na 15 hadi 30, hupandishwa pole pole kwa sababu wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari ya kuzidisha, na wengi hutulia kati ya 60 na 120. Wengine chini ya hapo, wengine juu.

Kisa kimoja. Kijana alikuwa ametulia vizuri na 80 kwa miezi. Ghafla anafika alfajiri analia, makamasi, miayo, anadai arosto. Mama yake alikuwa na hakika ameanza tena kutumia na amekuja kutafuta nyongeza. Kipimo cha mkojo kikawa safi. Tulipouliza vizuri ikajulikana: wiki mbili zilizopita alianzishiwa dawa za kifua kikuu kwenye zahanati nyingine, hakuona haja ya kutuambia. Rifampisini, iliyomo katika dawa hizo, hulifanya ini kuichoma methadoni haraka, na dozi ya asubuhi haifiki usiku. Dawa za zamani za VVU zenye efavirenzi hufanya vivyo hivyo, na baadhi ya dawa za kifafa. Akapandishwa. Na tukamwandikia kwa kalamu nyekundu tarehe ya kumaliza dawa za kifua kikuu, maana siku zile zikiisha dozi ile ile inayomfaa leo itakuwa kubwa mno.

Kwa hiyo msilinganishe vikombe. Semeni dawa zote anazomeza, hata za mitishamba.

Atakunywa mpaka lini?

Miaka, kwa wengi. Taasisi ya utafiti wa dawa za kulevya ya Marekani, NIDA, inataja miezi 12 kuwa kiwango cha chini kabisa. Anayetaka kutoka hupunguziwa kidogo kidogo, miezi kwa miezi, akiwa na kazi na mahali pa kulala, na si kwa sababu mjomba amekuja kutoka Muscat na kusema ni aibu.

Na soba hausi?

Kwa jina la ofisini ni nyumba za upataji nafuu. Zimesaidia watu wengi sana, Unguja hasa, na nyingi zinaendeshwa na waliokuwa watumiaji wenyewe. Wanaamka pamoja, wanafagia, wanapika, wanakaa duara na kusema ukweli kwa mtindo wa hatua 12 ulioanza na walevi wa Ohio, Marekani, mwaka 1935. Mraibu hawezi kumdanganya mraibu. Hiyo ndiyo nguvu yake, na sisi wenye vyeti hatuna.

Zinamfaa nani? Aliyekwisha kuvuka arosto salama, anayehitaji kutengwa na maskani, anayependa kuishi na watu. Hazimfai mlevi anayetetemeka, wala mwenye maradhi ya akili yasiyotibiwa, wala aliye katikati ya methadoni kama nyumba yenyewe haikubali methadoni. Ulizeni hilo mapema. Baadhi huikataa, na kumwachisha mtu methadoni ghafla ili apate kitanda ni kumrudisha kwenye unga kwa njia ndefu.

Ulizeni pia: nani anawatembelea wagonjwa, usiku mgonjwa akizidiwa wanampeleka wapi, wana muuguzi, mgonjwa anaweza kuongea na mama yake kwa simu bila kusikilizwa. Pakiwa na minyororo au fimbo, ondokeni naye siku hiyo hiyo. Mwezi mmoja ni mfupi. Wale wale NIDA wanasema chini ya siku 90 faida huwa ndogo. Hata hivyo nimeona waliokaa mwaka na kurudi maskani wiki ya kwanza, kwa sababu mwaka mzima hakuna aliyewauliza watarudi kulala wapi.

Wetu anatumia bangi na mirungi. Methadoni yake ni ipi?

Haipo. Methadoni ni ya jamii ya afyuni: heroini na ndugu zake. Bangi, mirungi na kokeni hazina dawa mbadala iliyothibitishwa. Kazi ni ya ushauri, ya ratiba ya siku, na ya kutibu kilicho chini yake kama huzuni au saikosisi (kusikia au kuona visivyopo). Anayesikia sauti aanze kwa daktari wa akili.

Kuna dawa ya kumwekea mume wangu kwenye chakula bila yeye kujua?

Dada yangu, naelewa ulikofika mpaka ukauliza hivi. Usifanye.

Wanazouza kwa siri mitandaoni na mabasini hatujui zina nini. Baadhi inasemekana ni disulfiramu. Hiyo ni dawa halali hospitalini, humfanya mnywaji awake uso, moyo umdunde na atapike akigusa pombe. Kazi yake inategemea mtu kujua. Anayejua anaogopa, hanywi. Asiyejua atakunywa nusu chupa kama kawaida, presha itashuka, na mwenye moyo mbovu anaweza kufia kaunta. Na athari yake huweza kukaa hadi wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho.

Na akishajua ulichofanya, hatakula tena mkononi mwako, na hapo umepoteza hata ile nafasi ndogo ya kumshawishi. Kama anataka mwenyewe, zipo dawa za kupunguza kiu ya pombe: naltreksoni, akamprosati, na hiyo disulfiramu. Daktari huchagua kwa kuangalia ini na figo. Mwenye ini baya atapewa tofauti na mwenye figo mbaya, na anayetumia afyuni hapewi naltreksoni kabisa, itamtia arosto papo hapo.

Mdogo wetu ni mjamzito na anatumia unga. Aache mara moja?

Asiache ghafla. Arosto huweza kusababisha mimba kutoka au uchungu kuja kabla ya wakati. Methadoni ndiyo inayoshauriwa, na miezi ya mwisho mara nyingi dozi hupandishwa kwa sababu mwili umekua. Mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na dalili za arosto. Hutibiwa, hupona, na mama akiwa ametulia kwenye methadoni kwa kawaida hushauriwa anyonyeshe.

Wanawake huja kwetu wachache kuliko walivyo mtaani, kwa sababu foleni imejaa wanaume, na wengine kati ya wanaume hao ndio waliowapiga. Ulizeni kama kuna siku au saa ya wanawake. Na jambo ambalo haliambiwi mapema: heroini mara nyingi huzuia hedhi. Akianza matibabu hurudi, na mimba huweza kutangulia hedhi ya kwanza. Uzazi wa mpango uzungumzwe siku ya kwanza.

Ramadhani inakuwaje?

Dozi ni moja kwa siku, kwa hiyo kitabibu inaweza kuhamishwa kwenda usiku. Swali ni kama kliniki yako inafungua baada ya futari au kabla ya alfajiri. Uliza Shaabani, usingoje mwandamo. Ikishindikana, mgonjwa ana ruhusa yake katika Kurani yenyewe, na sheikh ninayemheshimu huwaambia vijana wake hivyo bila kuzunguka. Usigawanye dozi mwenyewe, wala usiruke siku.

Bibi anasema amerogwa.

Kisomo na maombi viendelee, sijawahi kuona dua iliyogombana na methadoni. Mganga akitaka aache dawa, au anataka kumchanja, hapo tutagombana.

Tumemkuta chooni hajitambui. Tufanye nini?

Soma hili sasa, usingoje siku yenyewe.

Aliyezidiwa na unga hupumua kwa shida au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, midomo inageuka rangi ya kijivu au bluu, mboni za macho zinakuwa kama ncha ya sindano. Mwite kwa sauti, msugue kifua kwa ngumi. Asipoitika, piga yowe la msaada na usafiri utafutwe. Kama hapumui vizuri mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde tano. Mapigo ya moyo yakikosekana, kandamiza kifua. Akianza kupumua mlaze ubavu asije akapaliwa na matapishi. Msimmwagie maji, msimpe maziwa, msimdunge maji ya chumvi. Yote hayo nimeyakuta yakifanyika maskani, na yanapoteza dakika. Hospitalini ipo naloksoni, inayoondoa heroini kwenye ubongo kwa dakika chache, lakini huisha nguvu kabla ya unga wenyewe, kwa hiyo asiondoke mara tu akiamka na kutukana watu. Atatukana. Yuko kwenye arosto.

Sasa hili ndilo ninalotaka familia zisikie: hatari kubwa kuliko zote ni wiki za kwanza baada ya kutoka gerezani, hospitalini au soba. Mwili umeshasahau. Kete tatu zilizokuwa kifungua kinywa chake zamani, leo zinamuua. Wengi niliowazika hawakuwa wale wa maskani, walikuwa “wamepona” na wamefanyiwa karamu.

Hataki matibabu. Tumkamate kwa nguvu?

Aliyelazimishwa huweza kupona pia, sitasema uongo. Lakini kumfunga kamba na kumtupa kituoni mara nyingi kunanunua miezi ya utulivu wa nyumba na kisasi baadaye. Kwanza jaribu kidogo kidogo: mwelimishaji rika aliyewahi kutumia aongee naye, apime VVU, atibiwe vidonda, kama anadunga awe na sindano yake safi. Watu wengi walifika dirishani kwetu kwa ajili ya jipu, wakarudi mwezi mmoja baadaye kwa ajili ya methadoni.

Na yeye kukataa hakuzuii wewe kuanza. Njoo peke yako. Mama wa mraibu ni mgonjwa wa presha anayesahau vidonge vyake.

Anaiba hadi sufuria. Tumfukuze?

Sina jibu moja. Nyumba yenye watoto wadogo ina haki ya kufunga mlango. Mwenye kuweza, atenganishe mambo haya: chakula na kitanda ndiyo, pesa mkononi hapana. Badala ya kumpa nauli ya kliniki, mpelekeni wenyewe au mlipeni bodaboda mnayemjua.

Ametulia mwaka mzima. Tumpe mtaji?

Mtampa, ila si milioni kwa mkupuo. Pesa nyingi mkononi ni kengele kwa mtu aliyezoea kuigeuza kete ndani ya saa moja. Kijana mmoja fundi pikipiki, ndugu zake walimnunulia spana na vipuri kwa risiti, wakalipia kodi ya kibanda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Mwenyewe ndiye aliyeomba iwe hivyo. Alisema, “Kaka, mshahara wa kwanza mpe mama, mimi bado nauogopa.”

Gharama ni kiasi gani, na tuanzie wapi?

Methadoni kwenye kliniki za serikali Tanzania ni bure. Soba hausi na vituo binafsi hulipiwa, bei hutofautiana sana, daini risiti. Tanzania mnaweza kupiga 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, bila malipo. Kenya ni 1192 ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ambayo pia inaweza kukuambia kama kituo kimeidhinishwa. Au nendeni hospitali ya wilaya, kitengo cha afya ya akili. Beba vidonge vyote anavyotumia kwenye mfuko mmoja.

Nilikuwa kwenye methadoni miezi tisa. Wiki iliyopita nilitumia tena, na siku nne sijaenda. Naona aibu.

Njoo. Huko Marekani wanakadiria kwamba kati ya 40 na 60 kwa kila 100 wanaotibiwa hurudi kutumia, sawa na wagonjwa wa presha na pumu wanaoacha dawa. Kwa mgonjwa wa presha aliyepanda daktari hubadilisha dawa. Nawe tutafanya hivyo: tutauliza nini kilitokea wiki ile, labda dozi ilikuwa ndogo, labda umerudi kulala kwa yule rafiki, labda ulifiwa.

Usinywe dozi ya zamani kutoka kwa mtu yeyote, hata akikuonea huruma. Baada ya siku tatu na kuendelea bila dawa mwili umeshuka, daktari atakuanzisha chini. Sema ukweli umetumia nini na lini, pamoja na pombe na vidonge, kwa sababu methadoni juu ya pombe na diazepamu inasimamisha pumzi. Mkojo ukionyesha umetumia, hatuiti polisi.

Dirisha linafunguliwa asubuhi. Ukifika mapema foleni haijawa ndefu.